Wanyama Watano Wanaobaki Watatu: Historia ya Taashira za Kichina katika Sanaa za Mapigano jijini Kampala na Wajibu wa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna taashira na ngano za Kichina zilivyowafikia wachezaji wa sanaa za mapigano jijini Kampala tangu miaka ya 1970. Hoja kuu ni kwamba ishara hizo zilipita mikononi mwa wafasiri, na kwamba lugha ya kila mfasiri iliamua kipi kitaeleweka na kipi kitapotea. Kwa kufuatilia historia ya sinema na vibanda vya video, na kwa kuchambua maneno machache (kungfu, shifu, joka, chui, korongo), makala inaonyesha kwamba tafsiri iliyopita katika Kiingereza imefifisha maarifa ambayo Kiswahili na Kiganda vingeweza kuyapokea kwa ukamilifu zaidi. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa wapangaji wa sera, wakati ambapo Kiswahili na Kichina vyote vinaingia katika shule za Uganda.

1. Utangulizi

Kisugu ni mtaa wa Divisheni ya Makindye, kusini-mashariki mwa Kampala, jirani na Namuwongo, Muyenga, Kabalagala na Kibuli. Kama ilivyo mitaa mingi ya jiji hilo, lugha zake ni nyingi: Kiganda ndicho lugha ya soko na ya nyumbani kwa wengi, Kiingereza ni cha shule na ofisi, na Kiswahili husikika kwa wahamiaji kutoka nchi jirani, kwa askari na kwa wafanyabiashara. Kijana wa mtaa kama huu anayejifunza kungfu au karate hukutana na lugha nyingine tena. Jina la mkao, salamu anayompa mwalimu, mnyama aliyechorwa kwenye fulana yake, na kisa cha mtawa anayesemekana kuwa ndiye mwanzilishi, vyote vina asili ya mbali. Vimemfikia vikiwa vimekwisha kufasiriwa mara mbili au tatu.

Tafiti kuhusu Wachina katika Afrika ya Mashariki zimejishughulisha zaidi na barabara, reli na mikopo. Upande wa fikra umepewa nafasi ndogo, ingawa kwa mkazi wa kawaida wa Kampala, filamu ya mapigano ilitangulia kwa miaka mingi barabara ya mwendokasi ya Entebbe iliyofunguliwa mwaka 2018. Swali la makala hii ni la kihistoria na la kiisimu kwa pamoja: mchezaji wa Kampala alizisikia taashira za Kichina kwa lugha gani, na lugha hiyo ilizifanya nini? Uchambuzi unategemea maandiko yaliyochapishwa, filamu zenyewe, na historia ya maneno. Kisugu inachukuliwa kama mfano wa mtaa wa msikilizaji. Ushahidi wa filamu unatoka zaidi Wakaliga, upande wa pili wa jiji.

2. Utangulizi wa kihistoria: twiga aliyegeuka qilin

Kabla ya kutazama jinsi Waafrika Mashariki walivyozisoma ishara za Kichina, yafaa kukumbuka kwamba Wachina nao waliwahi kuisoma Afrika ya Mashariki kwa ngano zao. Mwaka 1414, enzi ya mfalme Yongle wa ukoo wa Ming, twiga aliwasili katika ikulu ya China kama zawadi kutoka Bengal. Mwaka uliofuata aliletwa mwingine kutoka Malindi. Huo ndio wakati wa safari kubwa za majini za Zheng He. Maofisa wa ikulu walimpokea mnyama huyo kama qilin, kiumbe wa visasili ambaye huonekana pale tu mtawala anapokuwa mwadilifu. Alichorwa, akasifiwa kwa utenzi, akaingizwa katika hesabu ya fadhila za mfalme.

Mnyama ambaye kwa mkazi wa bara ya Malindi alikuwa mnyama wa porini tu, kwa maofisa wale aligeuka kuwa hati ya mbinguni. Kisa hiki hakionyeshi ujinga wa mtu yeyote. Kinaonyesha kanuni: kila jamii humpokea mgeni kwa jina ambalo tayari inalo nyumbani, na jina hilo huja na mizigo yake. Kanuni hiyohiyo ilifanya kazi Kampala karne tano na nusu baadaye, safari hii kuelekea upande wa pili.

3. Kutoka jumba la sinema hadi kibandani

Filamu nne alizozikamilisha Bruce Lee akiwa mtu mzima, kuanzia The Big Boss ya 1971 hadi Enter the Dragon ya 1973, zilienea duniani katika miaka ambayo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zingali changa. Fist of Fury ya 1972 inahusu shule ya mapigano ya Shanghai inayodhalilishwa na wageni wenye nguvu, na mwanafunzi anayekataa kudhalilishwa. Hadhira iliyopata uhuru miaka kumi tu kabla yake haikuhitaji maelezo marefu ili kuielewa. Kwa upande wa Tanzania, mwanahistoria Laura Fair ameonyesha, katika kitabu chake cha 2018, jinsi jumba la sinema lilivyokuwa sehemu ya maisha ya mjini, mahali ambapo hadithi za mbali ziligeuzwa kuwa mazungumzo ya mtaani.

Uganda ilikuwa na mkondo wake. Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia kwa muda wa siku tisini, na wamiliki wengi wa majumba ya sinema walikuwa miongoni mwao. Biashara hiyo ikadhoofika. Baadhi ya majumba yalibadilishwa matumizi. Lile la Norman, katikati ya Kampala, baadaye lilianza kutumika kama kanisa. Filamu zikahamia kwenye vibanda vya video: chumba chenye mabenchi, televisheni na mashine ya kuchezea kanda.

Ndani ya kibanda alizaliwa fundi wa aina mpya, msimulizi wa filamu, ajulikanaye Uganda kwa herufi mbili za VJ. Kazi yake ni kuzungumza juu ya filamu inapoendelea: anafasiri, anaeleza, anatania, anawapa wahusika majina ya mtaani. Sanaa kama hiyo imestawi Dar es Salaam, ambako jina la Lufufu lilipata umaarufu, na Kenya, ambako DJ Afro amewasimulia watazamaji kwa Kiswahili cha mitaani. Filamu ya Hong Kong mara nyingi ilikuwa imekwisha kuwekewa sauti au maandishi ya Kiingereza kabla ya kufika kwa msimulizi. Kwa hiyo msimulizi alifasiri tafsiri. Alichokuwa nacho, na ambacho mfasiri wa Kiingereza hakuwa nacho, ni hadhira iliyozoea kusimuliwa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Isaac Nabwana, mwanzilishi wa Ramon Film Productions huko Wakaliga, kampuni iliyoanza mwaka 2005. Nabwana amesimulia hadharani kwamba utotoni hakuwa akienda sinema. Kaka yake ndiye aliyekwenda, kisha akarudi kumsimulia. Filamu aliijua kwanza kama ngano. Filamu yake ya 2010, Who Killed Captain Alex?, ina mpiganaji wa mtindo wa Shaolin aliyeigizwa na Bruce U, ambaye katika maisha halisi ni mchezaji wa kungfu na amewafundisha watoto wa Wakaliga. Jina hilo ni tafsiri kwa namna yake: Bruce amebaki, na U ya Uganda imekaa mahali pa Lee. Watazamaji wengi wa nje wameichukua filamu hiyo kama kichekesho. Kwa mwanahistoria wa lugha, ni hati ya namna ngano ilivyosafiri kwa mdomo kutoka sinema hadi uani na kurudi tena kwenye skrini.

4. Maneno yaliyobadilika njiani

Katika mazungumzo ya kawaida ya Afrika ya Mashariki, neno karate hufunika takriban kila mapigano ya Kiasia. Matumizi hayo yana kejeli ya kihistoria. Karate ilikulia Okinawa kwa athari kubwa ya mbinu za kusini mwa China, na zamani jina lake liliandikwa kwa alama zilizomaanisha “mkono wa Kichina”. Katika miaka ya 1930, Japani ilipokuwa ikijenga utaifa wake na kuivamia China, alama ya kwanza ilibadilishwa ili jina lisomeke “mkono mtupu”. Wakuu wa Okinawa waliafikiana hivyo katika mkutano wa Naha mwaka 1936. Matamshi yalibaki yaleyale. Hivyo, mtu wa Kampala aitaye kungfu “karate” hutumia jina ambalo lenyewe lilikwisha kufutwa asili yake ya Kichina.

Neno kungfu nalo limepunguzwa. Katika Kichina, halimaanishi mapigano. Lina maana ya ustadi upatikanao kwa kazi na muda mrefu, na hutumika hata kwa mpishi au kwa mtayarishaji wa chai. Kiingereza kilipolibana katika maana ya kupigana, Kiswahili kililipokea likiwa limekwisha kubanwa. Ilhali Kiswahili kina neno linalokaribia sana maana ya awali: ufundi. Fundi wa seremala, fundi cherehani na fundi wa ngoma hawakuzaliwa na ujuzi wao. Waliupata kwa kukaa chini ya mwingine.

Ulinganifu huo unadhihirika zaidi katika neno shifu. Kichina huliandika kwa namna mbili zenye matamshi sawa. Moja ina alama ya baba, na humhusu mwalimu aliyempokea mwanafunzi kama mwana. Nyingine humhusu mtu mwenye ujuzi wa kazi, na ndiyo wanayoitwa madereva na mafundi wa mitaani nchini China, kama vile sisi tunavyoita “Fundi!” bila kujua jina la mtu. Wanafunzi wa shifu mmoja huitana kaka mkubwa na mdogo kwa kufuata mpangilio wa kujiunga, hata kama aliyetangulia ana umri mdogo. Msemaji wa lugha ya Kibantu anauelewa mfumo wa namna hii mara moja. Anayeupoteza ni yule anayeupata kupitia neno la Kiingereza lisilobeba udugu wowote.

Alama ya wu, iliyomo katika neno wushu, ina somo jingine. Mapokeo ya kale sana, yaliyohifadhiwa katika Zuozhuan, huigawa alama hiyo sehemu mbili na kuieleza kuwa ni kuusimamisha mkuki: shujaa wa kweli ni yule anayekomesha vita. Wataalamu wa maandishi ya kale hawaikubali hoja hiyo, kwani katika mifupa ya ramli sehemu inayosomwa “simama” ilikuwa picha ya mguu, na alama nzima yaelekea ilionyesha mtu anayekwenda na silaha. Kwa wachezaji, hata hivyo, maelezo ya mapokeo ndiyo yenye uzito, kwa sababu ndiyo yanayofundisha adabu. Mtafiti anapaswa kuyaandika yote mawili bila kuyachanganya.

5. Wanyama watano

Tatizo la tafsiri linajitokeza kwa ukali zaidi katika mafundisho ya wanyama watano wa Shaolin. Nao ni long, ambaye tumezoea kumwita joka, hu, mnyama mwenye milia wa misitu ya Asia, bao, yaani chui, she, nyoka, na he, korongo. Kila mmoja amepewa kazi katika malezi ya mwili: wa kwanza hufunza roho, wa pili mifupa, wa tatu nguvu, wa nne pumzi na uhai, na wa tano asili ya mwili inayopaswa kuhifadhiwa. Mafundisho yamekamilika kwa sababu wako watano.

Tukiwahamisha wanyama hao katika Kiswahili cha kila siku, hesabu huharibika. Mnyama wa milia hayupo Afrika. Kamusi humwita simbamarara au chui milia, lakini msemaji wa kawaida husema chui tu. Kwa hiyo wa pili na wa tatu huungana. Joka nalo ni nyoka katika umbo la ukubwa, na Kiganda hufanya vivyo hivyo, kwani ogusota hutokana na omusota kwa kubadilisha kiambishi. Kwa hiyo wa kwanza na wa nne huwa ukoo mmoja. Watano wamebaki watatu. Anayejifunza kwa tafsiri hiyo hawezi kueleza kwa nini mifupa na nguvu ni mambo mawili, au roho na pumzi.

Joka lina mzigo mwingine. Kwa Mchina, long ni mwenye mvua, mito na bahari, na alama ya ufalme. Ujio wake ni baraka. Katika Biblia ya Kiswahili, joka la Ufunuo sura ya 12 ni Ibilisi mwenyewe, na Biblia ya Kiganda hutumia ogusota mahali hapo. Msomaji aliyelelewa kanisani anapoliona joka kwenye ukuta wa ukumbi wa mazoezi, huliona kwa macho ya Ufunuo. Jina la jukwaani la Bruce Lee kwa Kichina lina maana ya “joka dogo”, na la Jackie Chan lina maana ya “kuwa joka”. Kwa tafsiri tuliyo nayo, majina ya heshima yamegeuka kuwa karibu na matusi.

Lakini hazina ya lugha zetu haianzii katika Ufunuo. Methali isemayo joka la mdimu hulinda watundao humlaumu mchoyo, lakini humwonyesha joka kama mlinzi wa mti, si kama shetani. Buganda ina mfano ulio karibu zaidi. Katika kitabu chake cha 1911, John Roscoe aliandika habari za Selwanga, chatu aliyekuwa na hekalu lake Buddu, karibu na ziwa, ambaye watu walimwendea kuomba watoto na samaki. Nyoka mkubwa, mkazi wa maji, mleta uzazi na neema: huyu yuko karibu na long kuliko joka lolote la Ulaya. Mswahili wa pwani na Mganda wa Buddu wangeweza kumwelewa mnyama wa Kichina moja kwa moja. Kilichowazuia ni kupitia katika neno la Kiingereza, ambalo kwa karne nyingi limekuwa la mnyama wa kuuawa na mashujaa. Wachina wenyewe wameliona tatizo hilo: katika mwaka wa joka wa 2024, vyombo vya habari vya China viliandika kwa Kiingereza neno loong ili kuliepuka lile la kawaida.

Korongo ana bahati njema zaidi. Mapokeo ya Fujian husimulia kwamba Fang Qiniang alijaribu kumfukuza korongo mweupe kwa fimbo, ndege akaikwepa na kuizuia kwa mabawa, na kutokana na hapo ukazaliwa mtindo wa korongo mweupe. Katika China, korongo ni ishara ya maisha marefu. Nchini Uganda, korongo mwenye taji yuko katikati ya bendera tangu 1962, timu ya taifa ya kandanda huitwa kwa jina lake, na katika Buganda, ŋŋaali ni muziro wa ukoo mmojawapo. Mchezaji wa Kisugu anayeambiwa asimame kwa mguu mmoja kama korongo huwa tayari anamjua ndege huyo kama kiumbe wa heshima. Hapa ishara mbili zenye asili tofauti zimekutana bila kugombana. Tahadhari ni moja: ndege wa China na wa Uganda ni spishi tofauti, na neno korongo katika Kiswahili hubeba ndege kadhaa wenye miguu mirefu, pamoja na maana ya ufa uliochimbwa na maji.

6. Ngano na historia

Wachezaji wengi duniani hufundishwa kwamba mtawa wa Kihindi Bodhidharma ndiye aliyewaletea watawa wa Shaolin mazoezi ya mwili. Historia inasema tofauti. Hekalu lilianzishwa mwaka 495. Jiwe la mwaka 728 linashuhudia kwamba watawa wake walimsaidia Li Shimin vitani mwaka 621. Lakini kitabu kinachomhusisha Bodhidharma na mazoezi hayo, Yijin Jing, ni cha karne ya 17, na tayari katika miaka ya 1930 mwanahistoria Tang Hao alikuwa ameonyesha udhaifu wa dai hilo.

Je, mwalimu wa Kampala aache kusimulia? Wanahistoria wa pwani wana jibu. Tarikh ya Kilwa husimulia kuja kwa Washirazi kwa majahazi saba. Leo hatuisomi kama orodha ya abiria, bali kama dai la nasaba na la uhalali wa utawala. Kisa cha Bodhidharma kinaweza kusomwa vivyo hivyo: ni dai kwamba ngumi inapaswa kuwa na mzazi wa kiroho. Buganda, inayomsimulia Kintu, haihitaji kufundishwa kwamba kisa cha asili hubeba sheria ya jamii. Inachohitaji ni kupewa kisa chenyewe pamoja na tarehe zake.

7. Athari kwa sera

Mambo haya yangebaki ya kitaaluma tu kama si wakati tulio nao. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha hatua za kukitekeleza, pamoja na kukifundisha shuleni. Upande wa pili, Taasisi ya Confucius ilianzishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2014, kama ilivyotangulia Nairobi mwaka 2005 na Dar es Salaam mwaka 2013, na Kichina kimeingizwa katika baadhi ya shule za sekondari za Uganda. Lugha mbili zinajengewa vitabu kwa wakati mmoja, na hakuna daraja rasmi kati yake isipokuwa Kiingereza.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, istilahi za utamaduni wa Kichina zifasiriwe moja kwa moja kutoka Kichina, kwa ushirikiano wa idara za Kiswahili na za Kichina zilizomo katika vyuo vyetu. Long liandikwe joka la mvua, hu simbamarara na bao chui, ili wanyama watano wabaki watano. Shifu libaki shifu, kwa kuwa umbo lake tayari linakubaliana na sauti za Kiswahili.

Pili, msamiati wa mwili wa mapigano usikopwe pale tulipo na wetu. Kiswahili kina konde, kumbo, ngwala, mtama, kabali, chenga na mweleka, na kila neno linataja tendo mahususi. Kamusi ya michezo itakayoyaacha maneno haya kwa ajili ya mikopo itakuwa imeanza kwa hasara.

Tatu, kazi za wasimulizi wa filamu zihifadhiwe kama hati za tafsiri. Kanda zinaharibika na vibanda vinafungwa. Hakuna mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi namna Mwafrika Mashariki wa kawaida alivyomfasiri Mchina kabla ya taasisi yoyote kumwelekeza.

8. Hitimisho

Kiswahili nchini Uganda kimebeba kwa muda mrefu sifa ya kuwa lugha ya kambi na bunduki, na sifa hiyo imekicheleweshea mapokezi. Sanaa za mapigano zinakipa nafasi ya kusikika kwa namna nyingine: kama lugha ambayo kijana wa Kisugu anaweza kuelezwa kwayo kwamba kungfu ni ufundi, kwamba joka la mvua halimtafuti ammeze, na kwamba waliomtangulia walimsoma mkuki kama kitu cha kusimamishwa. Taashira za Kichina zimekwisha kufika Kampala, na hazingoji idhini yetu. Lililobaki mikononi mwa watafiti na washauri wa sera ni kuamua kama zitaendelea kueleweka kwa neno la kuazima, au kwa maneno ambayo tayari yamo kinywani mwa wenyeji.